Kitabu Kikongwe cha Maktaba Yetu: Mwili Wake na Jalada Lake



Mhariri wa gazeti letu aliponiomba makala ya historia, nadhani alitazamia habari za timu yetu ya kandanda au za walimu wakuu waliotutangulia. Hayo wapo wanaoyajua kunishinda. Mimi nimeona nieleze habari za kitabu kimoja tu, kile kikubwa kilichokuwa kikilala katika rafu ya chini kabisa ya maktaba, upande wa dirisha linaloangalia karakana. Waliosoma hapa kabla ya mwaka 2000 watakikumbuka. Tulikiita "Babu". Wengi wetu hatukupata kukifungua, ila tulikikanyaga ili tufikie rafu ya juu zilikokuwa hadithi za upelelezi.

Nakiandika kwa sababu nina deni nacho. Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu na kiranja wa maktaba, nilishiriki kukiharibu kwa nia njema kabisa. Deni hilo nitalieleza, lakini msomaji hataona ukubwa wake asipojua kwanza kitabu kile kilikuwa nini na kilitengenezwaje.

MWANDISHI NA VITABU VINANE

Babu ni kitabu cha teolojia cha Kiingereza, kazi ya padri Richard Hooker juu ya sheria za utawala wa Kanisa. Hooker alizaliwa mwaka 1554 karibu na mji wa Exeter, akasoma na kufundisha katika chuo cha Corpus Christi huko Oxford. Mwaka 1585 alipewa kuongoza Kanisa la Temple jijini London, na huko akamkuta mhubiri mwingine, Walter Travers, aliyetaka Kanisa la Uingereza lifuate utaratibu wa Geneva. Asubuhi alihubiri Hooker, alasiri akapanda Travers kumpinga, na waumini ni wale wale. Kutokana na ubishi huo Hooker aliamua kuandika kwa utulivu na kwa urefu: sheria ni nini, akili ya mwanadamu ina nafasi gani mbele ya Maandiko, na je, kila desturi ya Kanisa lazima iwe imeandikwa katika Biblia?

Wapiga chapa wa London hawakutaka kutia fedha zao katika kitabu kizito namna hiyo. Aliyegharimia ni Edwin Sandys, aliyekuwa mwanafunzi wa Hooker, na aliyekipiga chapa ni John Windet, jamaa yake Hooker. Haya tunayajua kwa hakika kutokana na majalada ya kesi za mahakamani yaliyochunguzwa na mtaalamu C. J. Sisson, ambaye alitoa matokeo yake mwaka 1940. Majalada hayo hayo yalimsafisha mke wa Hooker, ambaye Izaak Walton, katika kitabu cha maisha ya Hooker cha mwaka 1665, alikuwa amemchora kama mwanamke msumbufu aliyemtesa mumewe. Kwa karibu miaka mia tatu watu waliamini hivyo, mpaka makaratasi yaliyolala mahakamani yalipofunguliwa. Sisi tunaofanya kazi katika masijala husikia faraja kidogo tunaposoma habari kama hizi.

Chapa ya kwanza ya 1593 ilitangaza katika ukurasa wa jina kwamba ina vitabu vinane, yaani sehemu nane. Ndani zilikuwamo nne tu. Ya tano, ambayo peke yake ni ndefu kuliko zile nne kwa pamoja, ilitoka mwaka 1597. Hooker akafariki mwaka 1600 kabla ya kutoa zilizobaki. Ya sita na ya nane zilionekana mwaka 1648, na ya saba mwaka 1662. Babu wetu ni chapa ya mwaka 1622, kazi ya William Stansby, aliyerithi kiwanda cha Windet, na ndiye aliyekuwa amepiga chapa Historia ya Dunia ya Walter Raleigh mwaka 1614. Basi ukifungua Babu, ukurasa wa jina unaahidi vitabu vinane, nawe ukihesabu unapata vitano, na nyuma yake baadhi ya mahubiri. Tulipokuwa wanafunzi tulidhani vitatu vimechanwa na waliotutangulia. Kumbe havikuwa vimechapwa bado. Ahadi ile ilirudiwa chapa baada ya chapa, na mwenyewe amekwisha kuzikwa.

KARATASI

Jambo la kwanza la kushangaza kuhusu Babu ni kwamba karatasi zake, zenye umri wa miaka mia nne, ni imara kuliko za vitabu vyetu vya kiada vya miaka ya tisini, ambavyo vingi vimekuwa rangi ya chai na kukatika vikikunjwa. Sababu yake ni matambara. Siku zile karatasi haikutoka katika mbao za miti. Nguo kuukuu za kitani zilikusanywa, zikachambuliwa, zikalowekwa mpaka zikaanza kuoza, kisha zikapondwa kwa michi mikubwa iliyoendeshwa na gurudumu la maji, hata zikawa uji mweupe. Fundi alichovya fremu yenye wavu wa nyaya katika pipa la uji huo, akaitikisa ili nyuzi zishikane, maji yakachuruzika. Mwenzake aliipindua karatasi mbichi juu ya kitambaa cha sufu. Zikarundikwa, zikakamuliwa kwa shinikizo, zikaanikwa kwenye kamba kama nguo, na mwisho zikachovywa katika gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na kwato, ili wino wa kalamu usitawanyike.

Nyaya za fremu ziliacha alama zake. Inua karatasi ya Babu kwenye mwanga wa dirisha, utaona mistari myembamba iliyosongamana, na mingine yenye nafasi inayoikata ile ya kwanza. Utaona pia, katikati ya karatasi moja na pengine usiione katika inayofuata, picha ndogo iliyofifia ambayo ni alama ya kiwanda, iliyofumwa kwa waya juu ya wavu. Karatasi nyeupe za kupigia chapa, Waingereza wa wakati huo walizinunua kwa wingi kutoka ng'ambo, hasa Ufaransa. Na katika gharama zote za kutoa kitabu, karatasi mara nyingi ndiyo iliyokula fedha nyingi zaidi. Ndiyo maana Sandys alihitajika.

KUPIGA CHAPA NA KUKUNJA

Herufi zilikuwa za risasi, zikipangwa kwa mkono moja moja, kichwa chini, miguu juu. Mpangaji alikuwa na maandishi ya mwandishi mbele yake. Katika Maktaba ya Bodleian huko Oxford yamehifadhiwa mpaka leo maandishi ya kitabu cha tano yaliyotumika kiwandani kwa Windet, yaliyonakiliwa kwa mkono wa karani na kusahihishwa na Hooker mwenyewe. Mpangaji alipomaliza, watu wawili walishika mtambo wa mbao. Mmoja alipaka wino kwa vifurushi vya ngozi vilivyojazwa sufu, mwingine aliweka karatasi iliyoloweshwa kidogo na kuvuta mkono wa mtambo. Wino wenyewe ulikuwa masizi na mafuta ya kitani. Kosa likionekana kazi ikiendelea, walisimama, wakasahihisha, wakaendelea, na karatasi zilizokwisha pigwa hazikutupwa, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali. Kwa hiyo nakala mbili za chapa moja ya zamani si lazima zifanane neno kwa neno. Kila nakala ina mambo yake.

Babu ni kitabu cha kunja moja. Karatasi kubwa ilipigwa kurasa mbili upande huu na mbili upande wa pili, ikakunjwa katikati mara moja tu, ikatoa kurasa nne. Katika vitabu vya namna hii karatasi kadhaa zilizokunjwa ziliingizwa moja ndani ya nyingine zikawa mkunjo mmoja wa kushonwa. Mjalidi hakuhitaji kusoma teolojia ili apange mikunjo sawasawa. Chini ya kurasa kulikuwa na herufi za kumwongoza, A, kisha B, mpaka Z, halafu zikaanza Aa, Bb. Alfabeti hiyo ilikuwa ya herufi 23, maana I na J zilihesabiwa moja, U na V moja, na W haikuwamo. Na katika pembe ya chini ya kila ukurasa lilichapwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Yasipolingana, ujue mkunjo umepotea.

KUSHONA NA KUJALIDI

Msomaji akumbuke kwamba Mwingereza wa mwaka 1622 hakununua vitabu kama sisi tunavyonunua. Nakala moja iliweza kuuzwa ikiwa mikunjo mitupu, mnunuzi akaipeleka kwa mjalidi, akachagua jalada kwa kadiri ya mfuko wake. Nakala mia za chapa moja zilivaa mavazi mia. Ndiyo kusema jalada halimhusu mwandishi wala mpiga chapa. Jalada linamhusu mwenye kitabu.

Mjalidi aliigonga mikunjo kwa nyundo nzito ili ilale, akaiweka juu ya fremu iliyokazwa kamba nene wima. Alishona kila mkunjo kwa uzi wa kitani, sindano ikiingia katikati ya kunja, ikitoka na kuizunguka kamba, ikirudi ndani, mpaka ncha ya pili. Zile kamba ndizo zinazoonekana kama mbavu katika migongo ya vitabu vya zamani. Wengi hudhani ni mapambo, kumbe ndizo zinazobeba uzito wote. Miisho yake ilipitishwa katika matundu ya vibao viwili vya jalada, ikakazwa. Vibao hivyo zamani vilikuwa mbao kweli, lakini kufikia wakati wa Babu vilikuwa mara nyingi karatasi kuukuu zilizogandishwa pamoja mpaka zikawa ngumu. Kisha ikaja ngozi ya ndama, iliyolainishwa kwa magome ya mwaloni, ikakatwa, ikapunguzwa unene kingoni, ikapakwa gundi, ikavutwa juu ya vibao na mgongo, kingo zake zikakunjiwa ndani. Mwisho fundi alipitisha chuma cha moto, akaacha mistari isiyo na dhahabu.

Ili kuimarisha viungo, mjalidi alibandika vipande vya chochote kilichokuwa karibu. Na kilichokuwa karibu kwa wingi, hasa baada ya Mfalme Henry VIII kufunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, kilikuwa vitabu vya watawa vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Vitabu vya sala na vya nyimbo viliuzwa kama takataka, navyo vilikatwa vipande vya upana wa vidole viwili na kufichwa ndani ya migongo ya vitabu vipya. Vipande vingi vya vitabu vilivyopotea kabisa vimepatikana kwa kuchungulia ndani ya majalada.

TULICHOKIFANYA MWAKA 1996

Mwaka huo kibao cha mbele cha Babu kilichomoka. Mwalimu wetu wa maktaba, mtu mwema aliyependa vitabu kuliko wengi, alitukabidhi sisi watatu wembe, sindano ya kushonea magunia na sufuria ya gundi ya unga wa muhogo. Alituambia tukirudishe kitabu katika hali ya kufaa. Tulifanya kazi Jumamosi mbili. Tulikata kamba zote tano. Tulikwangua mgongo mpaka ukawa mweupe. Ngozi tuliona imekuwa kama ganda la mti, tukaitupa pamoja na vibao. Kisha tulitoboa kitabu kizima kutoka ubavuni, kama faili, tukakishona kwa uzi wa gunia na kukivisha katoni ya sabuni. Mwalimu alitusifu mbele ya paredi.

Nakumbuka mambo mawili. La kwanza, karatasi tupu iliyokuwa imebandikwa ndani ya kibao cha mbele ilikuwa na majina ya watu, manne au matano, moja chini ya jingine, kwa wino na miandiko tofauti, na la mwisho kwa penseli. Hao ndio waliopokezana Babu kwa karne nne, na huyo wa mwisho bila shaka ndiye aliyekileta Afrika au aliyekitoa kwa shule yetu enzi za misheni. Sikumbuki hata jina moja. La pili, tulipokuwa tunakwangua, mgongoni mlitoka vipande vya ngozi kavu vyenye maandishi ya mkono na mistari minne myekundu yenye vidoto vya mraba juu yake. Tulicheka. Mmoja wetu alifanya kipande kimoja alama ya kitabu chake cha jiografia. Vingine vilikwenda pamoja na ngozi na vibao katika shimo la taka nyuma ya jiko, vikachomwa Jumatatu.

Nilipata kujua nilichokiona miaka kumi na mitatu baadaye. Mwaka 2009 nilipelekwa mafunzo ya utunzaji wa nyaraka, na mkufunzi akatuonyesha picha ya kitabu cha kale kilichofumuliwa mgongo. Mistari minne myekundu na vidoto vya mraba. Akaeleza kuwa ndivyo nyimbo za kanisa zilivyoandikwa Ulaya zama za kati. Halafu akatupa kanuni ambayo tangu hapo naishika kazini: kabla hujakarabati kitu, andika kwanza ulichokikuta. Nilirudi bwenini kwangu usiku ule nisile chakula.

KILICHOBAKI

Mwaka jana, tulipokutana hapa shuleni, wengine mlikwenda uwanjani na mimi nikaomba ufunguo wa chumba cha vitabu vya zamani. Nilimkuta Babu ndani ya katoni yake ile ile, mende wameipenda gundi yetu ya muhogo. Nilikaa naye saa tatu, na safari hii niliandika nilichokikuta.

Katika kila kunja yapo matundu madogo ya uzi wa kwanza, penye kamba tano na penye ncha mbili, mbali na matundu makubwa ya sindano yetu ya magunia. Kwa hiyo mshono wa asili unajulikana na unaweza kurudishwa. Kwenye ukingo wa mbele, yaani ule unaofunguka, kuna herufi za wino uliofifia. Tulipokuwa wanafunzi tuliziona tukadhani ni utundu wa mwanafunzi fulani. Nilipozisoma kwa kioo cha kukuza zilikuwa jina la Hooker. Na katika ukurasa wa jina, karibu na ukingo huo huo, pana doa la kutu lililopenya karatasi saba, likipungua kila karatasi.

Uingereza ya wakati ule vitabu katika baadhi ya maktaba za makanisa vilifungwa kwa minyororo visiibwe, na mnyororo ulishikizwa kwenye kibao cha jalada, mara nyingi upande wa mbele. Vilisimamishwa mgongo ukiangalia ukutani, ndiyo maana jina liliandikwa ukingoni. Katika kanisa kuu la Hereford rafu za namna hiyo, za mwaka 1611, zipo mpaka leo na minyororo yake. Sisemi Babu alitoka huko. Pengine kutu ni ya kifungo tu. Lakini jina la ukingoni na kutu kwa pamoja vinanifanya niamini kwamba alipata kufungwa mnyororo mahali fulani. Kibao kingetuambia kwa hakika, maana kingekuwa na tundu la msumari. Kibao tulikichoma.

OMBI LANGU

Chumba kile cha vitabu kinatakiwa kwa ajili ya kompyuta. Sipingi hata kidogo, watoto wanazihitaji kuliko wanavyomhitaji Hooker. Lakini vitabu vilivyomo, ambavyo ni zaidi ya mia mbili, vinasubiri uamuzi, na mmojawapo wa uamuzi uliotajwa ni kuviuza kwa kilo. Naomba chama chetu kiombe miezi sita. Katika miezi hiyo tuviorodheshe kimoja kimoja: jina, mwaka, jalada, na hasa majina na mihuri iliyomo ndani ya majalada. Kitabu kilicholegea kisigandishwe wala kisishonwe. Kifungwe kwa utepe wa pamba na kutiwa katika boksi. Nimekwisha kununua utepe.

Tena naomba yeyote aliyesoma hapa kabla yetu, na hasa wazee wetu wa miaka ya sitini na sabini, kama aliwahi kufungua jalada la mbele la Babu akakumbuka jina lolote aliloliona, hata nusu yake, aniandikie kupitia kwa mhariri. Vile vile yule mwenzetu wa kitabu cha jiografia, anajijua. Hatasemwa vibaya. Aangalie tu katika vitabu vyake vya zamani, kama mama yake hakuvigawa, na kama kipande kile kimo, asikisafishe.

Siku ya mkutano wetu ujao nitakuwa katika chumba cha vitabu kuanzia saa tatu asubuhi, na daftari. Watakaokuja wanawe mikono, wakauke vizuri, na waache gundi nyumbani.